Stendi Haipangwi kwa Wastani: Maswali na Majibu Kuhusu Uigaji wa Kompyuta

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huohuo ilikuta humo watu 1,584,157. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 2,140,497. Katikati ya sensa hizo mbili lami nayo iliusogelea mkoa kipande kwa kipande: Mwigumbi hadi Maswa kilomita 50.3, Maswa hadi Bariadi 49.7, Bariadi hadi Lamadi 71.8. Ncha moja ya barabara hiyo inaungana na ile ya Shinyanga na Mwanza, nyingine inaungana na ile ya Mwanza na Musoma. Bariadi iko njiani, na magari ya Mwanhuzi na Lagangabilili nayo yanaishia hapohapo. Stendi ya Bariadi ikikwama asubuhi, anayesubiri juani Lamadi au Maswa analipia kosa ambalo hata halioni.

Safu hii ilipoandika kwamba kazi za stendi zinaweza kujaribiwa kwenye kompyuta kabla ya kumwaga zege, barua zilikuja kwa wingi. Zilizochaguliwa hapa ni zile zinazotia wasiwasi zaidi, pamoja na chache zinazokera. Maelezo ya mwanzo hayatarudiwa kwa urefu. Inatosha kusema kwamba katika uigaji kila gari na kila abiria hupewa saa ya kufika, kazi ya kufanya na foleni ya kusubiri, kisha saa ya kompyuta huachwa itembee.

“Stendi yetu ina nafasi za kutosha. Ukichukua magari ya siku nzima ukayagawa kwa saa za kazi, kila gari linapata pa kupakia na nafasi inabaki. Kompyuta ya nini?” (Bariadi mjini)

Hapa ndipo mipango ya vituo vingi inapoharibikia, kwa hiyo jibu litakuwa refu.

Njia anayoieleza msomaji huyu ndiyo iliyozoeleka. Unahesabu magari ya siku, unayagawa kwa saa, unayagawa tena kwa idadi ya nafasi za kupakia, na jibu likitoka chini ya moja ripoti inapigwa muhuri. Kosa lake ni kuamini kwamba magari huja kwa wastani. Hayaji hivyo. Basi la Dar es Salaam lina safari ya zaidi ya kilomita 1,000, hivyo linataka kutoka alfajiri. Coaster ya Mwanza inakimbizana na watu wanaowahi hospitali na ofisi. Noah na michomoko ya vijijini inaleta abiria wa magari hayo makubwa, kwa hiyo nayo inafika saa hiyohiyo. Saa nane mchana uwanja uleule ni mtupu, na mkaguzi akipita saa hiyo ataandika kwamba stendi ina nafasi tele.

Ichukuliwe nafasi moja tu ya kupakia, ambayo kila gari huikalia dakika 10 kwa wastani: mengine dakika chache tu, mengine muda mrefu zaidi, kutegemea mizigo na abiria. Magari yakija bila ratiba, moja kila dakika 20 kwa wastani, hesabu za foleni zinasema kila gari litasubiri wastani wa dakika 10 kabla ya kupata nafasi. Yakija kila dakika 15, kusubiri kunakuwa dakika 20. Yakija kila dakika 12, kunakuwa dakika 50. Yakija kila dakika 11, kunafika dakika 100.

Mistari hiyo irudiwe polepole. Kutoka dakika 12 hadi 11 kati ya gari na gari, kusubiri kumeongezeka mara mbili. Kwa hesabu ya kugawanya, nafasi hiyo bado “inatosha” na dakika moja ya ziada inabaki! Mwandishi wa ripoti analala usingizi mzuri, na dereva anazima injini akisubiri kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Chanzo ni kwamba dakika isiyotumika haiwekwi akiba. Nafasi ikikaa tupu saa 11 na nusu alfajiri, utupu huo hauwezi kukopeshwa kwa magari matatu yatakayofika pamoja saa 12. Mkulima wa pamba analijua jambo hili bila kufundishwa, maana ameona malori yakipanga mstari nje ya jineri: mashine ilikuwa kimya asubuhi, malori yakaingia yote mchana, na foleni ikalala pale mpaka kesho yake.

Hesabu hizi si za jana. Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha andiko lake la kwanza kuhusu foleni za simu mwaka 1909. Kanuni zilizotokana na kazi yake zinatosha pale ambapo hali haibadilikibadiliki kwa muda mrefu. Stendi haiko hivyo. Msukumano wa asubuhi unadumu saa moja au mbili, kisha unapungua, halafu kuna wimbi dogo jioni magari ya kurudi yanapoingia. Kanuni ya karatasi inashindwa kufuata mawimbi ya namna hiyo, na hapo ndipo kompyuta inapostahili mshahara wake. Inaendesha asubuhi hiyo dakika kwa dakika, mara mia au mia mbili, kila mara ikibadilisha bahati ya gari gani limewahi na lipi limepasuka tairi Dutwa. Kinachotoka ni jibu la swali ambalo wastani hauligusi: katika asubuhi ngapi kati ya mia foleni itamwagika hadi barabara kuu?

Kuna nusu ya pili ya kosa hilihili, nayo ni kuamini kwamba dawa ya msongamano ni kuongeza eneo. Dar es Salaam iliishi na somo hilo miaka mingi pale Ubungo. Kwa kuwa mabasi yalikatazwa kutembea usiku, karibu yote ya mikoani yalitaka kuondoka saa 12 asubuhi. Kilichobana saa hiyo kilikuwa mlango wa kutokea na Barabara ya Morogoro iliyopokea mabasi yote kwa mkupuo mmoja. Uwanja ungepanuliwa mara mbili, mlango ukabaki uleule, mabasi yangetoka kwa mwendo uleule. Mwaka 2021 kituo cha Magufuli kilipofunguliwa Mbezi Louis eneo liliongezeka kwa kiasi kikubwa, lakini ratiba ya alfajiri ilihama pamoja na mabasi.

“Kompyuta itatuambia basi letu la kesho litafika saa ngapi?” (Dutwa)

Hapana. Hilo aulizwe wakala wa basi.

“Tulionyeshwa video ya stendi mpya, mabasi yanatembea, watu wanapanda, miti imestawi. Mshauri akasema huo ndio uigaji na sisi tukapitisha. Tulikosea?” (diwani, wilaya ya Maswa)

Madiwani hawa walidanganywa, na jambo hili linaudhi kuliko barua nyingine zote zilizofika.

Video ni mchoro unaotembea. Mabasi yake yanapita kwa sababu mchoraji ameamua yapite, na hayawezi kukwama hata yakiletwa elfu moja. Kwenye video hizo hakuna anayepandisha magunia ya dengu juu ya keria, hakuna bodaboda anayekatiza mbele ya basi linalorudi nyuma, hakuna mpiga debe anayeng’ang’ania begi la mama mwenye mtoto mgongoni, wala konda anayesema gari linaondoka “sasa hivi” akimsubiri abiria wa mwisho kwa nusu saa. Mambo hayo ndiyo yanayoamua kama stendi itafanya kazi, na uigaji unaostahili jina hilo lazima uyabebe, hata kama kwenye skrini basi ni mraba mwekundu na abiria ni nukta.

Safari nyingine mshauri akileta picha, aulizwe hesabu alizoingiza alizipata wapi na siku gani, asubuhi hiyo ameiendesha mara ngapi, na foleni ndefu kuliko zote ilifika magari mangapi. Asipokuwa na jibu la swali la mwisho, basi hakuna alichoiga.

Ugonjwa wa pili ni ripoti inayonakiliwa. Mtu anachukua hesabu za mji mwingine, anabadilisha jina la mkoa, anasahau kwamba mji ule hauna msimu wa pamba wala magari yanayotoka kwenye udongo mweusi wa mbuga ambako mvua moja inaweza kuchelewesha magari yote ya asubuhi. Mwenye uzoefu anaitambua ripoti ya aina hiyo kwa kusoma kurasa chache tu. Wanaoisaini nao wangeitambua wangeisoma.

“Hatuna takwimu. Bila takwimu kompyuta itafanya nini?” (barua za maofisa watatu wa halmashauri tofauti na za wanafunzi wawili wa chuo, zimejibiwa pamoja)

Takwimu zipo. Zimekaa bila kusomwa.

Kila gari linalolipa ushuru getini hupewa risiti ya mashine ya POS, na risiti hiyo ina tarehe na saa. Halmashauri huisoma kama fedha: jumla ya siku, jumla ya mwezi. Isomwe kama saa. Risiti za miezi mitatu zikipangwa kwa dakika zitaonyesha umbo kamili la asubuhi ya Bariadi, pamoja na Jumatatu ilivyo tofauti na Jumapili na siku ya mnada ilivyo tofauti na zote. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kushika nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu, inasimamia mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi ya masafa marefu. Mfumo huo unajua basi limesimama wapi na kwa dakika ngapi. Tiketi za kielektroniki zinajua abiria alinunua lini. Kinachohitajika ni barua rasmi ya kuomba taarifa hizo, na mtu wa kuzipanga.

Yasiyoandikwa popote yanahesabiwa kwa macho. Vijana wanne wenye saa na daftari, wakikaa getini na kwenye nafasi za kupakia kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 4 asubuhi kwa wiki mbili, wataleta kitu ambacho hakuna mshauri atakayekileta kutoka mbali. Nairobi ilionyesha njia. Katika mradi wa Digital Matatus watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, waliwapandisha wanafunzi kwenye matatu wakiwa na simu zenye GPS, wakaandika kila njia na kila kituo, na ramani yake ikatoka mwaka 2014. Usafiri uliokuwa ukiitwa vurugu tupu ulikutwa na mpangilio unaoandikika. Kama jiji lenye matatu zote zile liliweza, Bariadi haina kisingizio.

“Mabasi yanapakia nje ya stendi, barabarani. Polisi wakija yanaingia, wakiondoka yanatoka. Uigaji utazuia vipi ukaidi wa madereva?” (Lamadi, Mwanhuzi, Nyashimo, na barua mbili za Maswa)

Barua tano zinasema jambo moja kwa hasira moja, na zote zimemhukumu dereva. Dereva anapiga hesabu ambayo mpangaji hajaipiga.

Itazamwe njia ya kuingilia. Geti ni moja, mtoza ushuru ni mmoja, na kila gari linatumia wastani wa sekunde 40 kati ya kusimama, kulipa, kusubiri risiti na kuondoka. Geti hilo haliwezi kupitisha zaidi ya magari 90 kwa saa hata likifanya kazi bila kupumua. Saa ya asubuhi yakija magari 80, yakiwemo mabasi, Coaster, Noah na bajaji katika mstari mmoja, kila moja litasubiri zaidi ya dakika 5 kwa wastani. Yakija 85 litasubiri zaidi ya dakika 11. Dereva wa Noah aliyebeba watu saba wanaowahi basi anajua kwamba dakika 11 zinatosha kuwashusha barabarani na kugeuza. Faini ni ya mara moja moja, foleni ni ya kila siku.

Katika modeli, yaani stendi iliyoigwa kwenye kompyuta, jambo hili linajaribiwa kwa dakika chache. Magari madogo yapewe mlango wao. Ushuru wa mabasi yenye ratiba ulipwe kwa mwezi, geti lisiwe duka. Nafasi ya kushusha itenganishwe na ya kupakia, maana kushusha ni dakika 3 na kupakia ni dakika 30, na mwenye dakika 3 hapaswi kumsubiri mwenye dakika 30. Kila badiliko linaendeshwa peke yake, kisha yote kwa pamoja, na inaonekana lipi linaleta nafuu na lipi ni gharama tu. Mara nyingi geti la pili linashinda ekari mbili za ziada. Baada ya hapo polisi wakihitajika, watahitajika kwa wachache.

Abiria naye apigiwe hesabu. Stendi ikihamishiwa mbali, nauli ya bodaboda inaongezwa juu ya nauli ya basi, na abiria atafanya analoweza ili apandie njiani. Modeli isiyo na abiria wa namna hiyo itaonyesha stendi safi ambayo haipo duniani.

“Nimesikia kompyuta itatuondoa sisi mama lishe ili stendi iwe ya kisasa. Tujiandae kuhama?” (Bariadi)

Uvumi huu umesambazwa na watu wanaotaka vibanda vya wenzao, na mama huyu asihamishwe na maneno.

Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni fupi inayotumika hadi leo: kwa wastani, idadi ya watu waliomo mahali ni sawa na wanaoingia kwa saa, ukizidisha kwa muda anaokaa kila mmoja. Abiria 600 wakiingia kwa saa na kila mmoja akikaa dakika 45, ndani ya stendi kuna wastani wa watu 450. Mabasi yakichelewa na kukaa kukawa dakika 90, watu wanakuwa 900, ingawa hakuna hata mmoja aliyeongezeka mlangoni. Wote hao wana njaa, wana kiu, wanatafuta choo, na mvua ikinyesha wanabanana chini ya paa moja. Modeli inayowasahau wanaowalisha itakosea mahali watu wanaposimama, ikakosea upana wa njia, ikakosea viti.

Kinachotokea mama lishe wanapopelekwa nyuma ya vyoo, ambako hakuna abiria anayepita, kinajulikana: ndani ya muda mfupi wanarudi njiani na majiko yao, kisha wanafukuzwa na mgambo, kisha wanarudi. Uigaji mzuri huonyesha abiria wanakopita na wanakosubiri. Majiko yawekwe kandokando ya hapo, mbali na njia ya magari na mbali na mafuta. Hilo ni suala la usalama wa watoto, na safu hii italirudia mpaka lisikike.

“Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku, msongamano wa asubuhi si umekwisha?” (Ngulyati)

Umehama kwa sehemu. Zuio la safari za usiku, lililokuwepo tangu miaka ya 1990, liliondolewa mwaka 2023, na LATRA ikaanza kuruhusu safari za saa 24 Oktoba mosi ya mwaka huo. Kwa mpangaji wa stendi hiyo ilikuwa siku kubwa kuliko uzinduzi wa jengo lolote. Basi likiweza kutoka saa 10 jioni au saa 3 usiku, wimbi la alfajiri linapungua na stendi ileile inapata uwezo mpya bila tofali hata moja.

Lakini magari ya vijijini hayakubadilika pamoja nayo. Anayetoka Mwanhuzi kupanda basi la saa 3 usiku anafika Bariadi saa 11 jioni na gari la mwisho, akakaa saa nne. Anayeshuka saa 9 usiku hana gari la kumpeleka Itilima hadi kuche. Kwa kanuni ya Little, watu wachache wanaokaa muda mrefu wanajaza stendi sawasawa na wengi wanaokaa kidogo, tena hawa wanakaa gizani, wakiwemo wanawake walio peke yao na wagonjwa. Stendi iliyopangwa kwa saa za mchana haina taa za kutosha, haina choo kilicho wazi, haina pa kulala mtoto. Mpango wowote uliochorwa kwa hesabu za kabla ya Oktoba 2023 utupwe, uanzwe upya.

“Nane Nane ilipofanyika Nyakabindi mji ulijaa. Si tujenge stendi ya kutosha umati ule?” (Bariadi)

Hapana. Maonesho ya kitaifa yalikuja Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020, siku chache kila Agosti. Kwa siku kama hizo unaandaa kituo cha muda karibu na viwanja, njia ya kuzunguka na zamu za ziada, na modeli ileile ya stendi inakusaidia kuchagua pa kukiweka. Msukumano wa kupangiwa kwa kudumu ni ule unaorudi kila mwaka: wanafunzi wa bweni mwezi Januari, na wiki ambazo fedha za pamba zinaingia mikononi mwa watu.

“Programu hizi ni za mabilioni. Halmashauri ya wapi itaweza?” (Maswa)

Zipo za kulipia na ni ghali. Zipo za bure pia: SimPy kwa foleni za aina yoyote, na SUMO, iliyotengenezwa na kituo cha anga cha Ujerumani, kwa magari barabarani. Zote zinakaa kwenye kompyuta ya mapajani ya kawaida. Fani yenyewe ina zaidi ya nusu karne: Geoffrey Gordon wa IBM alitoa programu yake ya uigaji mwaka 1961, na muda mfupi baadaye Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norway wakatengeneza Simula, wakati kompyuta moja ilijaza chumba. Fedha ziende kwa vijana wa kuhesabu getini na kwa mhandisi atakayekaa Bariadi muda wa kutosha kuielewa asubuhi yake.

“Wazungu wana kompyuta zote hizo, na bado viwanja vyao vya ndege hukwama. Uigaji ni kuhadaana tu.” (mwalimu, Meatu)

Mwalimu ana mifano upande wake. Uwanja wa Denver ulifunguliwa Februari 1995, ukiwa umechelewa miezi 16, sababu kubwa ikiwa mitambo ya mizigo iliyogoma kufanya kazi. Jengo la 5 la Heathrow, London, lilifunguliwa Machi 27, 2008, na siku ileile wafanyakazi wakahangaika kupata maegesho na kufika vituoni mwao, mizigo ikarundikana, na katika siku zilizofuata mamia ya safari za ndege yakafutwa.

Ila mifano hiyo inafundisha jambo jingine. Mpango wa jengo unaweza kuwa na hesabu za kila mkanda wa mizigo ukamsahau mbebaji anayetafuta pa kuegesha gari lake. Kwa hiyo modeli inajaribiwa kwanza kwa siku iliyokwishapita. Iendeshe Jumatatu ya wiki iliyopita kwa hesabu za getini, kisha ulinganishe foleni yake na foleni iliyoonekana kwa macho. Zikitofautiana sana, modeli ni mbovu, hata kama imechorwa vizuri namna gani. Halafu waitwe madereva, makonda, mawakala na mtoza ushuru waitazame. Hawa wataona kosa ambalo mhandisi haoni: kwamba nafasi namba nne haitumiki mvua ikinyesha, au kwamba basi la Musoma huwa linasubiri abiria wa Lagangabilili hata ratiba ikisemaje. Ripoti isiyosema imelinganishwa na siku ipi irudishwe kwa mwandishi wake.

“Je, reli mpya ikifika Malampaka itatuhusu?” (Malampaka)

Itawahusu sana, na inasikitisha kwamba ni barua moja tu iliyouliza.

Malampaka, wilayani Maswa, iko kwenye reli ya zamani ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika mwaka 1928, na reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, inapita huko pia. Treni haishushi watu mmoja mmoja. Inafungua milango na mamia wanatoka ndani ya dakika chache, wakitafuta gari la Maswa, la Bariadi, la Meatu, wote kwa wakati mmoja. Kisha eneo linakuwa tupu mpaka treni nyingine. Hakuna mahali wastani unapodanganya zaidi ya hapo: magari 20 yaliyosambaa kwenye saa nne hayana faida kwa watu 300 waliosimama mlangoni saa hiihii. Tangu safari za Dar es Salaam hadi Dodoma zianze mwaka 2024, picha hiyo inaonekana kila siku kwa anayetaka kuitazama.

Eneo la magari nje ya kituo cha Malampaka lipimwe sasa, kabla ya vibanda na maduka kuzunguka uwanja. Barabara ya kutoka Malampaka hadi lami iingizwe kwenye modeli hiyohiyo, kwa sababu gari likikwama kwenye tope halirudi kuchukua abiria wa awamu ya pili.

“Sisi ni kituo kidogo. Tuandike nini kwenye daftari?” (Lagangabilili)

Swali bora katika barua zote. Mstari mmoja kwa kila gari: aina yake, linakotoka, linakokwenda, saa lilipofika getini, saa lilipopata nafasi, saa lilipoanza kupakia, saa lilipotoka, na abiria wangapi walikuwa ndani likitoka. Tofauti kati ya saa ya kufika getini na saa ya kupata nafasi ndiyo foleni, na kwenye madaftari mengi ya vituo saa hizo mbili haziandikwi. Mvua iandikwe. Mnada uandikwe. Gari lililopakia nje ya stendi liandikwe pia, bila namba yake, ili madereva wasimwogope mwandishi.

Kazi ianze Aprili, kabla ununuzi wa pamba haujafunguliwa Mei, ili pawe na wiki mbili za kawaida na wiki mbili za msimu za kulinganisha.